Unakwenda Longyearbyen? Anza na viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, zingatia hili kabla ya kulipia tiketi. Longyearbyen, mji mdogo wa visiwa vya Svalbard kwenye latitudo ya 78 kaskazini, hauhitaji viza. Tatizo ni njia. Ndege za abiria hupitia Oslo au Tromsø, miji ya Norwei bara, na huko ni eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilhali Svalbard iko nje yake ingawa ni ya Norwei. Ukiondoka Oslo au Tromsø kwenda huko umeshatoka Schengen. Kurudi ni kuingia upya. Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Ya mara moja itakukwamisha huko juu, na naomba sana lisikukute hilo.

Kuhusu majira: kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa. Mimi ningechagua Machi, mwanga upo na theluji bado ipo.

Halafu usitoke nje ya mji peke yako. Dubu weupe wapo kweli, nenda na kiongozi mwenye bunduki. Beba soksi nzito pia, maana hoteli nyingi huvuliwa viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa.