Somo: Kuomba Nafasi ya Uzamili au Uzamivu katika Saikolojia ya Kazi na Mashirika

Vijana wa Malindi, Watamu na Lamu huniuliza jambo hili mara kwa mara, na majibu ya vipande vipande kwenye simu hayamfikishi mtu popote. Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja. Tafadhalini someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa fani hii ndiyo unayoitaka. Haifundishi kutibu wagonjwa wala kutoa ushauri nasaha. Huchunguza namna watu wanavyochaguliwa kazini, wanavyofunzwa, wanavyoongozwa na kupimwa utendaji wao, na sababu zinazowafanya wabaki au waondoke. Takwimu ndizo msingi wake.

Hatua ya pili ni kuchagua shahada na nchi. Marekani, uzamili huchukua takriban miaka 2 na mara nyingi mwanafunzi hujilipia, ilhali programu nyingi za uzamivu humlipia karo na kumpa posho kwa kazi ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji, na waweza kuiomba moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza. Uingereza, uzamili wa muda wote ni mwaka 1. Tafuta kozi zilizoidhinishwa na BPS, chama cha wanasaikolojia cha Uingereza. Bara Ulaya kuna mpango wa uzamili wa Erasmus Mundus (mradi wa masomo wa Umoja wa Ulaya) uitwao WOP-P, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Valencia. Kwa Marekani, anzia kwenye orodha ya programu katika tovuti ya SIOP, chama cha wanasaikolojia wa fani hii.

Hatua ya tatu: omba transkripti (hati ya alama zako zote za chuo) mapema, na hakikisha pasipoti yako haijaisha muda.

Hatua ya nne ni mitihani. Vyuo vingi vimeacha kudai GRE, mtihani wa jumla wa kujiunga na masomo ya juu, lakini si vyote. Matokeo ya GRE hudumu miaka 5. Ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kuifanya kabla hujajua utaomba mwaka gani.

Hatua ya tano ni maelezo ya nia, yaani insha ya kueleza kwa nini unaomba, na hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapoanguka. Mwombaji huandika kwamba tangu utotoni alipenda kuwasaidia watu, kisha anakisifu chuo kwa aya mbili. Kamati haipati humo sababu ya kumchukua, kwa sababu inatafuta mtu mwenye swali kuhusu kazi na anayeweza kulichunguza kwa ushahidi. Sisi wa pwani hatukosi maswali. Hoteli kadhaa za Malindi hufungwa au hupunguza wafanyakazi wakati wa masika. Ni nini kinachomfanya mhudumu aliyesimamishwa arudi kwa mwajiri yule yule msimu ukianza, na mwenzake ahamie hoteli ya jirani? Hilo ni swali la haki kazini na la uaminifu kwa mwajiri, na wako maprofesa wanaochapisha makala kuhusu mambo hayo hayo. Watafute, soma makala zao za karibuni, kisha eleza kwa jina ni nani ungependa akusimamie na kwa nini. Eleza pia utafiti wako wa shahada ya kwanza: ulihoji nani, ulipima nini, ulichambua vipi.

Nina maonyo matatu kuhusu hatua hii. Usimtaje profesa kabla ya kuhakikisha kuwa anapokea wanafunzi mwaka huo; wengi hutangaza katika kurasa zao. Usitume maelezo yale yale kila mahali kwa kubadilisha jina la chuo tu, kwa maana jina la chuo kingine likisalia ndani, msomaji hatakuamini tena. Na usimpe mtu mwingine akuandikie, kwa sababu katika mahojiano utaulizwa sentensi kwa sentensi.

Hatua ya sita ni barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu kwa Marekani. Waombe wahadhiri waliosoma kazi yako, uwape muda wa kutosha, na ujaze katika fomu anwani zao za baruapepe za chuo wanazozisoma kweli.

Hatua ya saba ni kutuma. Makataa ya uzamivu mengi huwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Angalia saa pia: saa sita kamili za usiku New York wakati huo wa mwaka ni saa mbili asubuhi kwetu.

MASWALI

Swali (Malindi): Naomba kiungo cha chuo cha bure.
Jibu: Soma hatua ya pili.

Swali (Malindi, tena): Nimesoma, lakini si ungetaja kimoja tu?
Jibu: Nikikutajia kimoja bila kujua swali lako la utafiti, nitakuwa nimekupotosha. Lete swali, nami nitakusaidia kutafuta.

Swali (Shela): Shikamoo. Nina shahada ya biashara na nimeajiriwa katika ofisi ya wafanyakazi ya hoteli. Je, mlango umefungwa kwangu?
Jibu: Marahaba, dada. Haujafungwa. Programu nyingi hupokea watu wa fani nyingine, mradi wawe wamesoma takwimu na mbinu za utafiti. Baadhi hudai pia kozi chache za saikolojia. Angalia ni zipi zimo katika transkripti yako. Kisha jifunze R, programu ya takwimu isiyolipiwa. Kazi yako ni hazina: ukiruhusiwa na mwajiri, chambua bila majina ni wafanyakazi gani huacha kazi na baada ya muda gani, uyaeleze hayo katika maelezo yako ya nia.

Swali (Gongoni): Fomu inataka wastani wa alama (GPA) kwa kipimo cha 4. Nigeuze daraja langu?
Jibu: Usigeuze mwenyewe. Soma maagizo ya fomu. Vyuo vingi hutaka alama jinsi zilivyo katika transkripti, au hutaja taasisi ya kuzitathmini.

Swali (Shela): Na ada ya maombi ikinishinda?
Jibu: Kabla ya kulipa, iandikie ofisi ya udahili na uulize kama kuna msamaha wa ada. Uliza wiki kadhaa kabla ya makataa, kwa sababu baadhi ya vyuo havirudishi pesa iliyokwisha kulipwa.