Kupata Kibali cha Chama cha Wamiliki wa Nyumba Kabla ya Kufunga Sola: Mwongozo kwa Wakazi wa Texas

Ninafunga mitambo ya sola kwenye nyumba za kuishi katika vitongoji vya Houston, na wateja wangu wengi ni ndugu zetu wazungumzao Kiswahili walionunua nyumba katika mitaa yenye chama cha wamiliki wa nyumba, kile ambacho hapa kila mtu hukiita HOA. Maombi niliyoyaona yakikataliwa karibu yote yalikuwa na kasoro moja: mwenye nyumba aliomba ruhusa kwa maneno ya jumla, ilhali sheria ya Texas imempa vipimo vya kuweka mezani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa ombi ambalo kila jibu lake limekwisha kuandikwa kabla kamati ya usanifu ya chama, inayopitia maombi, haijauliza.

Jambo la kutenganisha kwanza ni vibali vyenyewe. Kibali cha ujenzi hutoka katika jiji au kaunti, na ruhusa ya kuunganisha mtambo kwenye gridi ya umeme hutoka kwa kampuni ya nyaya, ambayo kwa Houston ni CenterPoint na kwa Dallas ni Oncor. Hakuna kimojawapo kinachosimama mahali pa barua ya idhini ya chama, na mkaguzi wa jiji hatakuuliza kama umeipata.

Hatua ya 1: Zisome hati za mtaa wako mwenyewe

Masharti ya mtaa husajiliwa kwa katibu wa kaunti, hivyo unaweza kuyapata hata kama karani wa kampuni inayokiendeshea chama shughuli zake hapokei simu. Pamoja nayo tafuta kanuni za usanifu, fomu ya kuomba mabadiliko ya nje ya nyumba, na sera ya sola ikiwa chama kimeipitisha. Ukilazimika kuziomba, andika barua iliyosajiliwa kwenda kwenye anwani iliyo katika cheti cha usimamizi cha chama; Sura ya 209 ya Sheria ya Mali ya Texas inakitaka chama kijibu ndani ya siku 10 za kazi.

Usivunjike moyo ukikuta sentensi ya zamani inayopiga marufuku paneli za sola mtaani kote. Kifungu cha 202.010 cha sheria hiyohiyo, kilichopitishwa mwaka 2011, kinasema kwamba sharti la namna hiyo ni batili, isipokuwa katika hali chache ambazo kifungu chenyewe kimezitaja. Mojawapo ni mtaa ambao bado unajengwa na ambao mpango wake una nyumba zisizofika 51, kwa kuwa humo mjenzi anaweza kukataza sola hadi kipindi cha ujenzi kiishe. Kwa wanaokaa kwenye fleti au nyumba zilizounganishwa ambazo paa lake ni mali ya wanachama wote, kifungu hiki hakiwapi haki ya kufunga chochote juu ya paa hilo, na ni vema walijue hilo kabla ya kumlipa mchoraji.

Hatua ya 2: Linganisha mpango wako na vizuizi vya sheria, kimoja kimoja

Hapa ndipo ninapomtaka mteja akae nami mezani na kalamu. Chama kinaweza kukataza mtambo unaohatarisha afya au usalama wa umma au kuvunja sheria, ikiwa mahakama imeamua hivyo. Kinaweza kukataza mtambo uliowekwa kwenye ardhi ya wote, au mahali pengine kwenye kiwanja pasipokuwa juu ya paa la nyumba (au la jengo jingine linaloruhusiwa) wala ndani ya ua au baraza ya mwenye nyumba. Ukiwekwa ndani ya ua, usizidi urefu wa uzio.

Masharti ya paa ndiyo yanayowagusa wengi. Paneli zisipande juu ya kilele cha paa wala kutokeza nje ya ukingo wake. Zilale kwa mteremko uleule wa paa, na ukingo wao wa juu uwe sambamba na mstari wa paa. Hii ina maana kwamba vile vyuma vya kuinua paneli ili zitazame jua vizuri zaidi havifai katika mitaa hii. Fremu, vishikizo, mabomba na nyaya zinazoonekana ziwe za rangi ya fedha, ya shaba au nyeusi. Mwisho, ufungaji wenyewe usibatilishe dhamana ya vifaa.

Kuna kizuizi kimoja zaidi ambacho nakitaja peke yake: chama kinaweza kukataza mtambo uliofungwa bila idhini yake ya awali. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikubali kufunga paneli 18 kwa mteja aliyeambiwa na muuzaji kwamba barua ya chama ingefuata baadaye. Mpango wake ulitimiza kila sharti jingine. Wiki tatu baadaye nilirudi kuziteremsha zote, kuziba matundu na kubadilisha vigae vilivyotobolewa, huku yeye akiwa ameshaanza kulipa mkopo. Tangu siku hiyo sipandishi ngazi kabla sijaiona barua kwa macho yangu.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mahali pa kuweka paneli

Ugomvi mwingi unahusu upande wa paa. Kamati hupenda paneli zikae nyuma, zisionekane barabarani, na sheria inaipa haki ya kuteua sehemu ya paa. Lakini sheria hiyohiyo inampa mwenye nyumba haki ya kuchagua sehemu nyingine ikiwa uzalishaji wa mwaka unaokadiriwa utazidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule wa sehemu iliyoteuliwa, kwa kipimo cha programu ya wazi ya maabara ya taifa ya Marekani ambayo sheria inaitaja kwa jina lake la zamani, la nishati jadidifu. Programu hiyo ni PVWatts, na matumizi yake hayana malipo.

Ingiza anwani ya nyumba, ukubwa wa mtambo kwa kilowati, aina ya paneli, mteremko wa paa na uelekeo wake. Uelekeo huandikwa kwa nyuzi za dira: kusini ni 180, magharibi ni 270. Mteremko usiukisie. Paa ambalo mafundi wa hapa huliita 4 kwa 12, yaani linalopanda vipimo 4 kwa kila vipimo 12 vya ulalo, lina mteremko wa nyuzi 18.4, na la 6 kwa 12 lina nyuzi 26.6. Kisha piga hesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa sehemu unayoitaka, mara ya pili kwa ile ya chama, huku kila kitu kingine kikibaki vilevile. Ukibadilisha ukubwa wa mtambo au kiwango cha upotevu wa umeme kati ya hesabu hizo mbili, umeipa kamati sababu halali ya kuitupa karatasi yako.

Sasa angalia asilimia inavyopatikana, kwa sababu hapa hukosea watu wenye elimu nzuri. Tuseme paa la mbele linalotazama kusini limetoa kilowati-saa 9,600 kwa mwaka, na la nyuma linalotazama magharibi limetoa 8,700. Tofauti ni 900. Anayegawanya kwa 9,600 atapata asilimia 9.4 na kusema mwenye nyumba ameshindwa. Lakini sheria inauliza uzalishaji umezidi kiasi gani juu ya ule wa sehemu iliyoteuliwa na chama, hivyo kigawanyo ni 8,700, na jibu ni asilimia 10.3. Nimewahi kukaa mbele ya kamati iliyokuwa na hesabu ya kwanza mkononi. Niliwasomea kifungu polepole, nikaandika mgawanyo wa pili chini ya wa kwanza kwenye karatasi yao wenyewe, na mwenyekiti akaupiga upya kwa simu yake kabla ya kukubali. Iandike hesabu hiyo ndani ya ombi, mstari kwa mstari, na uambatishe kurasa zote mbili zilizochapishwa kutoka kwenye programu.

Hatua ya 4: Nenda kwa majirani

Hata mpango ukitimiza masharti yote, kamati inaweza kukataa ikiwa itaamua kwa maandishi kwamba mahali palipochaguliwa patawasumbua kupita kiasi watu wa kawaida katika kuishi na kufurahia mali zao. Kinga yake imo ndani ya sheria: idhini ya maandishi ya wamiliki wote wanaopakana nawe ni ushahidi wa awali, yaani unaokubaliwa hadi upingwe, kwamba usumbufu huo haupo. Neno zito hapo ni «wote». Mhesabu jirani wa nyuma ambaye hamjawahi kuonana kwa sababu ya uzio, na ikiwa nyumba imepangishwa, tafuta sahihi ya mmiliki wala si ya mpangaji.

Mimi humshauri mwenye nyumba aende mwenyewe, jioni watu wakiwa wamesharudi kazini, akiwa na mchoro wa rangi unaoonyesha paa lake likitazamwa kutoka kwenye kiwanja cha jirani huyo. Ugeni wetu katika mitaa hii huwafanya baadhi yetu tuone haya kubisha hodi. Bisheni hodi. Karatasi iwe ya ukurasa mmoja, itaje anwani zote mbili, ieleze mahali pa paneli, na ibaki na nafasi ya tarehe na sahihi.

Hatua ya 5: Panga bahasha moja iliyokamilika

Weka fomu ya chama juu, ikifuatiwa na barua fupi inayotaja kifungu cha 202.010 na kujibu kila kizuizi kwa sentensi moja. Ambatisha mchoro wa kiwanja, mchoro wa paa wenye vipimo kutoka kila ukingo, picha za nyumba kutoka barabarani na pande zote, karatasi za mtengenezaji za paneli, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na vishikizo, rangi za fremu na mabomba, maelezo ya namna matundu yatakavyozibwa juu ya makombamoyo, leseni na bima ya mkandarasi, kurasa za PVWatts, na sahihi za majirani. Onyesha pia bomba la waya litakaposhuka ukutani hadi kwenye mita, maana hilo ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote.

Hatua ya 6: Tuma kwa njia yenye ushahidi

Pakia kwenye tovuti ya chama ikiwa ipo, kisha tuma nakala kwa barua iliyosajiliwa. Muda wa kujibu utafute katika hati zako, kwa kuwa hutofautiana mtaa kwa mtaa. Ndugu walioko California wako katika utaratibu mwingine: huko ombi lisilokataliwa kwa maandishi ndani ya siku 45 huhesabiwa kuwa limekubaliwa, isipokuwa chama kilikuwa kimeomba maelezo ya ziada kwa sababu ya msingi.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Tangu mwaka 2021, kifungu cha 209.00505 kimewalinda wakazi wa vyama vyenye viwanja zaidi ya 40. Barua ya kukataa lazima ieleze sababu kwa kina cha kutosha pamoja na marekebisho yanayotakiwa, na ikujulishe haki yako ya kuomba kusikilizwa na bodi ndani ya siku 30 tangu taarifa ilipotumwa. Bodi nayo ina siku 30 tangu ipokee ombi lako ili kufanya kikao, na inapaswa kukupa taarifa ya tarehe angalau siku 10 kabla. Kifungu hicho pia kinawazuia wajumbe wa bodi na wenzi wao wa ndoa kukaa katika kamati ya usanifu, kwa hiyo wanaokusikiliza kwenye bodi wasiwe walewale waliokukatalia kwenye kamati. Ukifika, zungumzia sababu zilizoandikwa kwenye barua tu. Ikiwa marekebisho wanayoyataka ni madogo, kama kupaka bomba rangi nyeusi, yakubali palepale na uombe yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Hatua ya 8: Fuata kilichoidhinishwa

Barua ya kibali inahusu paneli ulizozitaja, mahali ulipozichora. Mkandarasi akikuambia ghala limeishiwa na paneli zenye fremu nyeusi na kwamba ataleta nyingine, msimamishe, uiandikie kamati na usubiri jibu. Kazi ikiisha, piga picha kutoka palepale ulipopigia zile za ombi, uzitume kwa chama pamoja na cheti cha mkaguzi wa jiji, na uombe barua inayosema faili imefungwa. Nakala yake iweke pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu mnunuzi wa siku zijazo ataiulizia.