Jinsi ya Kufunga Spika Sita za Kompyuta kwa Gharama Nafuu

Kabla ya kununua spika yoyote, geuza kompyuta yako uyaangalie matundu ya sauti yaliyo mgongoni mwake, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoamua utalazimika kutoa pesa kiasi gani. Mfumo unaoitwa 5.1 una spika tano na sabufa moja: mbili za mbele, moja ya katikati ambayo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu, mbili za nyuma, na sabufa ambayo kazi yake ni besi peke yake. Kompyuta ya mezani yenye matundu ya rangi zote tayari inajitosheleza: la kijani ni la spika za mbele, la rangi ya chungwa ni la spika ya katikati pamoja na sabufa, na jeusi ni la spika za nyuma. Ukikuta matundu matatu tu, yaani la kijani, la buluu na la waridi, usikate tamaa, kwa sababu mara nyingi programu ya kadi ya sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayotoa sauti, huweza kuyabadilishia kazi, la buluu likawa la spika za nyuma na la waridi, ambalo kwa kawaida ni la maikrofoni, likawa la katikati na sabufa.

Kompyuta mpakato yenye tundu moja la vipokea sauti vya masikioni haitatoa zaidi ya njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, kupitia tundu hilo, na hapo utahitaji kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB. Hesabu matundu ya kadi hiyo, usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Zipo kadi zilizoandikwa 7.1, yaani spika saba na sabufa moja, ambazo zina tundu moja tu la kutolea sauti, nazo huigiza mzunguko wa sauti kwa anayevaa vipokea sauti, lakini haziwezi kuendesha spika sita.

Njia rahisi zaidi ni kununua seti ya spika za kompyuta ambayo amplifaya yake imo ndani ya sabufa. Hata hivyo, ukipata risiva iliyotumika ya sinema ya nyumbani, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuikuza, pamoja na spika zake, mara nyingi utasikia sauti bora kuliko ya seti mpya ya bei hiyo hiyo. Risiva nyingi za zamani zina matundu sita ya kupokea sauti, na nyaya tatu zenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili vya RCA upande wa pili zinatosha kuziunganisha na kompyuta. Risiva pia huweza kuunganishwa kwa kebo ya mwanga (optical), lakini nayo ina mipaka yake: hupitisha njia mbili za sauti isiyobanwa, au njia sita zilizobanwa kwa mifumo ya Dolby Digital au DTS, na kwa hiyo michezo ya kompyuta huishia kusikika kwa njia mbili isipokuwa kadi yako iwe na uwezo wa kubana sauti papo hapo. HDMI hupitisha hadi njia nane bila kubana chochote, kwa hiyo ikiwapo, itumie hiyo. Pesa ikiwa haitoshi, ielekeze kwanza kwenye spika tatu za mbele, nazo zifanane, ili sauti ya mtu isibadilike anapotembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Za nyuma zinaweza kuwa za kawaida.

Katika kuzipanga, uzi ni kifaa tosha. Weka spika za mbele za kulia na kushoto ili umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani pako, na hapo kila moja itakuwa kwenye pembe ya nyuzi (digrii) 30 kutoka katikati bila kupima pembe. Za nyuma zikae kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio, usawa wa kichwa au juu yake kidogo. Chumba kikikulazimisha kuweka spika moja karibu kuliko nyingine, ingiza umbali wa kila moja kwenye mipangilio, kwani sauti huchukua takribani milisekunde 3 kusafiri mita 1, na programu itaichelewesha ile iliyo karibu.

Sabufa inahitaji subira zaidi, kwa sababu mawimbi ya besi hugonga kuta yakarudi, yakajumlishana mahali pamoja na kufutana mahali pengine. Iweke sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi isiyobadilika sana, kisha tambaa kando ya ukuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Utapita mahali ambapo besi inavuma kupita kiasi, hatua moja mbele inatoweka kabisa, halafu utafika mahali inaposikika safi na sawia. Hapo ndipo pa kuiweka.

Ikiwa spika zako ni za nyaya mbili, hakikisha waya wa chanya umeingia penye nyekundu kwenye spika zote, kwani moja ikigeuzwa, besi hupungua na sauti ya katikati hutawanyika. Usipojua waya upi ni wa chanya, chomoa spika kutoka kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwa sekunde moja kwenye betri ya volti 1.5: kwa kawaida koni, yaani utando wa spika unaotikisika, ikisukumwa nje, waya ulio upande wa chanya wa betri ndio chanya.

Mwisho, fungua mipangilio ya sauti ya Windows, chagua 5.1, na ubonyeze jaribio la kila spika; kwenye Linux, amri ya `speaker-test -c 6 -t wav` hutaja kila spika kwa zamu. Nilipofunga mfumo wangu wa kwanza, sauti ya mtu ilitoka kwenye sabufa ikiwa nzito na iliyofifia, huku spika ya katikati ikikaa kimya. Hitilafu hiyo hutokea mara nyingi, na programu nyingi za kadi ya sauti zina chaguo la kubadilishana nafasi za katikati na sabufa. Ukisikia mvumo wa chini usiokwisha, chomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja.

Nyimbo nyingi zimerekodiwa kwa njia mbili, hivyo spika za nyuma zikinyamaza wakati wa muziki si ubovu. Unaweza kuwasha chaguo la kujaza spika zote, ila mimi huziacha kimya, kwa sababu mwimbaji hubaki mbele yangu mahali alipowekwa studioni.