Somo: Kukausha gari bila michirizi wala madoa ya maji

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi huu nimeulizwa jambo moja na watu watatu tofauti: gari limeoshwa vizuri, sabuni nzuri, sponji safi, lakini likishakauka linabaki na vidoa vyeupe vya duara kwenye boneti na michirizi chini ya vioo vya pembeni. Nimeona niandike somo zima mara moja, maana jibu la mstari mmoja halitoshi.

Mimi naosha gari langu mwenyewe nyumbani Tabata, kwa maji ya kisima. Anayeyajua maji ya visima vingi vya Dar es Salaam ameshanielewa. Sabuni inagoma kutoa povu, na birika la chai linaota ukoko mweupe kwa ndani. Ukoko ule ndio huohuo unaobaki kwenye boneti. Maji ya ardhini hubeba madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, na sehemu za pwani huongezeka chumvi. Jua likipiga, maji yanapaa na madini yanabaki pale tone lilipokuwa limekaa. Kwa hiyo doa la maji si uchafu uliousahau. Umeliweka wewe mwenyewe, wakati unasuuza.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa nyuma niliosha Premio yangu ya bluu nzito saa saba mchana, mwezi wa Januari, nikaingia ndani kula. Nilipotoka boneti nzima ilikuwa na duara nyeupe, kila moja ina ukingo uliokolea kama chapa ya kikombe. Nikasugua kwa kitambaa kikavu, nikaongeza mikwaruzo juu ya madoa. Fundi wa rangi alipiga polishi nusu siku, na bado ukiinama ukaitazama kwa ubavu asubuhi, duara mbili tatu unaziona. Zilikuwa zimeshakula klia, lile tabaka angavu la kulinda lililo juu ya rangi, ambalo unene wake haufiki hata karatasi moja ya daftari.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Usianze na taulo. Chukua kipande cha kioo cheusi au simu mbovu yenye kioo kizima, kisafishe, kiweke juani. Dondosha tone la maji ya bomba, tone la kisima na tone la mvua, kila moja mbali na mwenzake. Subiri yakauke yenyewe.

Nilipofanya hivyo, tone la kisima liliacha duara jeupe, ukilipitishia ukucha unasikia linakwaruza. La bomba liliacha ukungu mwembamba, tena pembeni tu. La mvua sikuliona lilipokuwa mpaka nikapumulia kioo. Tangu siku hiyo kila masika nakinga maji ya mvua kwa ajili ya gari. Mvua ya kwanza naiacha ipite ioshe vumbi la bati, halafu ndipo naweka pipa. Nikiwa na ndoo moja ya lita 20 ya maji hayo, hiyo ni suuza ya mwisho mara mbili.

Hatua ya 2: Kivuli, na bati lililopoa

Osha asubuhi kabla jua halijakolea, au baada ya alasiri. Kama gari limetoka safarini, fungua boneti dakika kumi injini ipoe, kisha weka kiganja juu ya bati. Ukiona linakuunguza, maji yatakauka kabla hujafika upande wa pili, na hakuna taulo litakalokuokoa. Jihadharini pia na kivuli cha mwembe au mkungu: ndege wako juu, na utomvu unadondoka.

Hatua ya 3: Suuza ya mwisho, hapa ndipo kazi ilipo

Watu wengi hukosea hapa, na ndiyo sababu nitakaa kidogo. Presha inavunja maji kuwa matone maelfu, na kila tone ni doa linalosubiri. Suuza ya mwisho haitaki presha. Toa ile pua ya mpira wa maji, fungua bomba nusu, maji yatoke kwa mtiririko mmoja mnene usiorusha. Anzia katikati ya paa. Sogeza mpira taratibu, karibu na bati lakini usiguse, uache maji yateremke kama shuka moja.

Utaona jambo la kupendeza. Maji yanapoteremka pamoja yanavutana, na yanaondoka na matone yaliyokuwa yamekaa njiani. Nyuma yake bati linabaki karibu kavu. Kwenye gari lenye waksi nzuri zaidi ya nusu ya kazi ya kukausha inaishia hapo. Paa, vioo, boneti, buti, halafu ubavu mmoja mmoja.

Kama maji yako ni magumu, yaani yana madini mengi, kama yangu, fanya suuza hii kwa bomba kwanza, kisha ya mwisho kabisa kwa maji ya mvua kutoka kwenye kopo la kumwagilia bustani. Mimina polepole. Lita nane mpaka kumi zinatosha gari dogo.

Hatua ya 4: Taulo

Tafuta taulo la maikrofaiba lenye manyoya marefu, kubwa, kama sentimita 60 kwa 90. Kata lebo kabla ya kulitumia kwa mara ya kwanza, maana lebo inakwaruza. Lilowanishe kidogo halafu likamue sana: taulo kavu kabisa huanza kwa kusukuma maji badala ya kuyanywa.

Sasa, usifute. Litandaze juu ya boneti kama unavyotandika kitambaa cha meza, lipapase kwa viganja, kisha livute kwa pembe mbili kuja kwako, taratibu. Uzito wake wenyewe unatosha. Ukisugua kwa nguvu, chembe yoyote ya mchanga iliyobaki inageuka msasa, na siku ya jua utaona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui kuzunguka mng'ao wa jua kwenye bati. Likianguka chini, hata mara moja, liweke kando mpaka lifuliwe.

Kile kitambaa cha njano kinachouzwa ndani ya kopo la plastiki, kinachokauka kikawa kigumu kama ubao, mimi sikipendi kwenye rangi. Kinanyonya vizuri sana, sikatai, lakini hakina manyoya ya kumeza mchanga, hivyo mchanga unaburuzwa. Kitumie kwenye vioo.

Mpangilio ni uleule wa suuza: juu kwenda chini. Rimu na sehemu ya chini ya milango zina kitambaa chao, kisikutane na cha rangi kabisa.

Hatua ya 5: Maji yaliyojificha

Umemaliza, gari linang'aa, unageuka kuchukua ndoo, ukirudi kuna mchirizi unateremka chini ya kioo cha pembeni. Maji yale hayakutoka popote, yalikuwa ndani ya nyumba ya kioo muda wote.

Yanakojificha ni hapa: nyumba za vioo vya pembeni, nyuma ya vitasa, raba za chini ya vioo vya milango, pembeni mwa taa za nyuma, kibao cha namba, kifuniko cha mafuta, na ukingo wa buti. Ukiwa na bloa, ile ndogo wanayotumia mafundi wa kompyuta kupulizia vumbi, ielekeze kwenye kila ufa huku umeshika kitambaa kidogo chini yake. Hata pampu ya mkono ya baiskeli inasaidia kwenye vitasa. Kama huna kitu, kunja kile kioo cha pembeni ndani na nje mara mbili tatu, kisha kipige kiganja taratibu kwa chini. Maji yatatoka.

Fungua milango yote minne na buti, futa fremu na raba. Shusha vioo sentimita mbili hivi ukaushe ule ukingo wa juu uliokuwa umejificha ndani ya raba, maana ukiuacha unachora mstari kila ukishusha kioo.

Baada ya hapo endesha mtaani dakika mbili, ukikanyaga breki mara chache kwa upole. Diski zinakauka zisipate kutu ya usiku mmoja, na maji yaliyobaki yanatikisika kutoka. Rudi, zunguka gari na kitambaa kikavu, futa michirizi mipya. Mzunguko huu wa pili watu huuruka, na ndio unaotofautisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Niko Nyali, Mombasa, tunaishi ghorofani. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kabisa. Mvua nitaikinga wapi?

Pole, kwa chumvi ile una kazi zaidi yangu. Tumia yale maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa mitungi ya kujaza tena. Lita tano kwenye kopo la kumwagilia, juu tu: paa, boneti, vioo na buti. Ubavu maji hayakai, taulo linatosha. Na kwa kuwa ni chumvi, kausha vizuri kingo za chini za milango, kutu ya pwani inaanzia huko.

Mkuu, mimi madoa tayari yapo, tena ya muda. Nifanyeje? Kuna jamaa kaniambia ndimu.

Ndimu nayo ni asidi, inafanya kazi, lakini ina sukari na nyama zake, na huwezi kupima ukali wake. Tumia siki nyeupe ya dukani, kipimo kimoja kwa kimoja na maji laini, yasiyo na madini mengi, kama ya mvua. Gari liwe limeoshwa na liko kivulini. Lowanisha kitambaa laini, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, inua, suuza kwa maji mengi, kausha. Jaribu kwanza sehemu ndogo, na usiiache siki ikaukie pale. Pitisha kidole: pakiwa laini na macho hayaoni kitu, umemaliza. Kama ni laini lakini duara bado linaonekana, basi limeshakula klia, hapo ni polishi ya fundi. Usiendelee kuongeza siki.

Nimeona maji ya betri yanauzwa sheli. Hayo si ndiyo hayana madini? Naweza kuchanganyia siki?

Ndiyo, maji yaliyotoneshwa hayana madini, na kwa kuchanganyia siki ni mazuri. Lakini soma chupa mara mbili. Mahali pengine asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo, kwenye chupa zinazofanana. Asidi ile itakula rangi, ngozi na macho yako. Kama chupa haina lebo inayoeleweka, iache dukani.

Mimi ni dereva wa abiria, naosha barabarani kila siku, sina muda wa kuosha mwenyewe. Wale vijana wana tambara moja kwa magari yote.

Weka taulo zako mbili kwenye buti, ndani ya mfuko safi, moja ya rangi na nyingine ya chini. Mwambie kijana kwa heshima: "Mdogo wangu, mwisho nimwagie bila presha, halafu tumia hili taulo langu, usisugue." Simama naye mara ya kwanza umwoneshe. Wengi wanashika haraka sana, hawajawahi tu kuambiwa. Na mwongeze kidogo, kazi umemwongezea.

Kwa nini nisiliendeshe tu likakauka kwa upepo?

Kwa sababu upepo unachukua maji na kukuachia madini. Na kwenye barabara ya vumbi, gari bichi hukusanya vumbi lote likawa tope jembamba. Utarudi nyumbani na kazi mbili.

Jamani, kanga kuukuu haifai? Nyumbani ndiyo tunayotumia siku zote.

Dada, kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini na inafaa kwa fremu za milango, raba na ndani ya buti. Kwenye rangi sikushauri, kwa sababu ni tambarare, mchanga hauna pa kuingia. Na angalia pindo, uzi wa mshono unakwaruza.

Taulo langu la maikrofaiba lilikuwa zuri, sasa linasukuma maji tu, halinyonyi.

Bila shaka limefuliwa na dawa ya kulainishia nguo, au pamoja na nguo za pamba. Dawa ile inapaka nyuzi mafuta, na nyuzi za pamba zinajaa katikati ya manyoya. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo kwa nusu saa, likamue, suuza mpaka maji yatoke meupe bila povu, rudia mara mbili. Anika kivulini mahali pasipo vumbi, usilipige pasi. Kisha mwaga kijiko cha maji kwenye sahani na uliguse juu yake: likiyanywa papo hapo limepona, likiyaacha yamekaa, lihamishie kwenye rimu ununue jingine.