Dirisha la kupandisha likishuka lenyewe: jinsi ya kubadili kamba

Ukiingia nyumba za kale za Uingereza, hasa zile za matofali za zama za Malkia Victoria, utakuta madirisha yasiyo na bawaba. Yana mabawa mawili ya kioo, la juu na la chini, yanayopanda na kushuka ndani ya fremu. Mara nyingi la chini limeegeshewa chupa au kijiti lisije likakuangukia vidole, na mpangaji anadhani ndivyo lilivyoundwa. Sivyo. Kamba imekatika.

Kushoto na kulia mwa fremu kuna boksi la mbao, na ndani yake vinaning'inia vyuma vizito. Kamba inatoka kwenye chuma, inapita juu ya kapi, inashuka hadi ubavuni mwa bawa. Ni kapi lilelile la kutwekea tanga, ila hapa baharia ni kipande cha chuma. Kama huoni kamba wala kapi, lako ni la springi. Ufundi wake ni mwingine.

1. Pitisha kisu kwenye mshono wa rangi, kisha ng'oa bidingi ya ndani (ukanda mwembamba wa mbao unaozuia bawa lisitoke) kwa patasi pana. Anzia katikati: ikipinda kama upinde, ncha zinachomoka zenyewe. Nyumba ya kabla ya miaka ya 1960 huenda ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa, watoto wakae mbali.

2. Toa bawa la chini. Kamba iliyobaki nzima ishike kwa koleo kabla ya kuikata, uishushe taratibu. Mimi mara ya kwanza niliikata hivihivi. Chuma kikaporomoka ndani ya boksi, na mama mwenye nyumba akaja mbio akidhani nimebomoa ukuta. Kisha ng'oa bidingi nyembamba ya katikati (ikivunjika usihuzunike, bei yake ni ndogo) na utoe bawa la juu. Kamba zote nne zina umri mmoja, badilisha zote.

3. Chini ya kila ubavu wa fremu kuna kifuniko kilichofichwa na rangi. Kifungue, toa vyuma, uvipime pamoja na mabawa kwenye mizani ya bafuni. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Vyuma viwili vya bawa la juu vizidi uzito wake kwa nusu kilo hivi, ili libaki juu. Vya bawa la chini vipungue kiasi hichohicho, ili likifungwa litulie. Kama kioo kilishabadilishwa kikawekwa kinene, kamba mpya peke yake haitasaidia kitu, ongeza uzito.

4. Nunua kamba ya pamba ya kazi hii. Nailoni ya kuanikia nguo inanyumbuka. Funga uzi kwenye msumari uliopindwa, utumbukize juu ya kapi, uudake kwenye kifuniko, kisha uvute kamba kwa uzi huo. Funga chuma kwa fundo imara.

5. Urefu. Kwa bawa la chini, vuta kamba mpaka chuma kibakize vidole viwili kufika kwenye kapi, ukiwa umesimamisha bawa kizingitini. Kwa la juu, bawa likiwa juu kabisa, chuma kining'inie bila kugusa sakafu ya boksi.

Sasa misumari ya kushikiza kamba kwenye mfereji wa ubavuni mwa bawa. Pima kutoka kapi hadi juu ya fremu. Kipimo hichohicho kishushe kutoka juu ya bawa, na usipige msumari wowote ndani ya sehemu hiyo. Ukipiga, kamba haitabanduka kwenye mfereji wake, na bawa litakwama kabla ya kufika mwisho.

6. Rudisha bawa la juu kwanza, bidingi nyembamba, la chini, kisha bidingi ya ndani. Pakaza mshumaa kwenye njia zake. Pandisha hadi nusu, uachie mkono.