Kuonja mvinyo wa Dodoma bila kuusingizia

Chupa ya mvinyo mwekundu iliyowekwa mezani Dodoma saa nane mchana, mwezi wa Novemba, inafika nyuzi joto 28 bila shida. Vitabu vya mvinyo vinasema mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba, lakini chumba chenyewe ni cha nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Kwenye nyuzi 28 pombe inatangulia puani, matunda yanafunikwa, na mnywaji anaondoka akisema mvinyo wa nyumbani ni mkali tu. Lawama nyingi zinazoangukia mvinyo wa Dodoma ni za joto, wala si za zabibu. Ndiyo maana hapa barafu inatangulia, glasi inafuata.

Mwongozo huu ni wa watu wazima, miaka 18 na kuendelea, wakiwa sita hadi wanane.

Mahitaji

Chupa tatu za mililita 750: mweupe mkavu (yaani usio na utamu wa sukari), mwekundu mkavu, na mmoja mtamu. Ukimimina mililita 50 kwa kila mtu, chupa moja inatoa vipimo 15, kwa hiyo kitabaki cha chakula cha jioni. Andaa pia ndoo ya lita 10, barafu kilo 3, chumvi ya jikoni, glasi, karatasi nyeupe, mkate mweupe usio na siagi, maji ya kunywa, na kopo la kutemea kwa kila mtu. Kipimajoto cha jikoni kikiwepo, vizuri zaidi.

Kuhusu kutema: wapo wanaoona ni utovu wa adabu. Kwenye kuonja ni kinyume chake. Anayemeza kila kipimo, akifika chupa ya tatu haonji tena, anakunywa.

Hatua ya 1: Chagua chupa dukani

Usiangalie lebo kwanza, angalia mahali chupa ilipokaa. Iliyopangwa dirishani kwenye jua, au juu kabisa ya rafu karibu na bati, iache hata ikiwa na punguzo la bei. Mvinyo ukipashwa joto unatanuka na kusukuma kizibo. Papasa mdomo wa chupa kwa kidole: kizibo kikiwa kimenyanyuka, au kuna mchirizi mkavu unaonata shingoni, mvinyo huo umeshapikwa. Inyanyue kwenye mwanga; mvinyo ulioshuka chini ya shingo hadi mabegani umeingiza hewa. Hakikisha stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, ipo na haijachezewa.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Kwa joto letu, mvinyo wa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili unalindwa vizuri na kifuniko hicho.

Ndani ya chupa kuna nini

Kabla ya zabibu, Ugogo ulikuwa na pombe zake za nafaka, pamoja na wanzuki wa asali. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na jina la Bihawana, misheni iliyo karibu na Dodoma, limebaki kwenye historia hiyo hadi leo. Misa inahitaji divai ya zabibu halisi, na kuiagiza kutoka ng'ambo ni gharama. Baadaye kilimo kikaenea Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Mvumi na kwingineko, na utafiti wa mbegu ukawekwa Makutupora, kituo ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo.

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa kwetu haulali, unaamshwa na mkasi wa mkulima. Ukiukata matawi unachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana kuna mavuno mawili kwa mwaka: ya masika, kuanzia Februari hadi Aprili, na ya kiangazi, karibu na Agosti na Septemba.

Hapa ndipo wanaonunua kwa kusoma mwaka kwenye lebo wanapokosea. Mwaka mmoja una mavuno mawili yasiyofanana. Zabibu za masika hukomaa huku mvua ikinyesha: tunda linavimba maji, ukungu unashambulia, na mkulima anashawishika kuvuna mapema. Za kiangazi hukua katika ukavu na usiku wa baridi wa Juni na Julai, sukari inapanda na rangi inakolea. Ukinunua kiwandani, usiishie kuuliza ni ya mwaka gani. Uliza imetokana na mavuno ya mwezi gani.

Aina utakazokutana nazo zaidi ni tatu. Makutupora nyekundu ndiyo ya wakulima wengi. Chenin Blanc, asili yake bonde la Loire, Ufaransa, ni nyeupe inayotunza uchachu hata kwenye joto, na ndiyo sababu imepatana na Dodoma. Syrah ya bonde la Rhône ina harufu ya pilipili manga, na hilo si neno la mapambo: kemikali iitwayo rotundoni imo kwenye zabibu hiyo na kwenye pilipili manga yenyewe.

Hatua ya 2: Poza

Jaza ndoo nusu barafu na nusu maji, tia chumvi kiganja kimoja. Barafu peke yake haifai, kwa sababu inaigusa chupa kwa vipande tu. Maji ndiyo yanayobeba baridi kuizunguka yote. Kutoka nyuzi 28:

– mwekundu: dakika 10 hadi 12, utoe ukiwa nyuzi 14 au 15;
– mweupe: kama dakika 25, nyuzi 9 au 10;
– mtamu: uache umo mpaka utakapohitajika.

Mwekundu unatolewa baridi kidogo kuliko inavyotakiwa makusudi, kwa sababu ndani ya glasi, katika chumba cha Dodoma, utapanda wenyewe kabla hujamaliza kunusa. Kwenye friji, mwekundu unahitaji takriban saa nzima. Friza iache: ukisahau, maji yanaganda, kizibo kinatoka au chupa inapasuka. Na usitie barafu ndani ya glasi ya kuonja. Siku nyingine kunywa upendavyo, lakini leo unataka kujua mvinyo una nini, na barafu inayoyeyuka inakudanganya.

Hatua ya 3: Glasi

Glasi nzuri ina tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, ujazo wa mililita 200 hadi 300. Bilauri iliyonyooka inaachia harufu yote hewani.

Maji ya visima ya Dodoma yana chumvi, na yakikauka yanaacha madoa meupe kwenye glasi. Loweka kwenye maji yenye vijiko viwili vya siki, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa. Sabuni itumie kidogo sana. Usizifutie kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya marashi. Kabla ya kumimina, nusa glasi tupu: ikinukia kabati au sabuni, suuza tena. Hii inachukua sekunde tano, na watu wengi huiruka, halafu wanamlaumu mtengenezaji.

Hatua ya 4: Fundisha ulimi kwanza

Hatua hii haipo kwenye maelezo mengi, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Andaa vikombe vinne, kila kimoja mililita 200:

– maji na kijiko kimoja cha chai cha sukari;
– maji na kijiko kimoja cha chai cha limau;
– chai ya rangi isiyo na sukari, majani ya vifuko viwili, iloweke dakika 10 na ipoe;
– mililita 75 za Konyagi, ambayo ina asilimia 35 ya kilevi, na mililita 125 za maji. Inakuja kama asilimia 13, nguvu ya mvinyo wa kawaida.

Onja kimoja kimoja, teme, na sikiliza mdomo unafanya nini. Sukari inahisiwa mara moja ulimini. Limau linaleta mate pembeni mwa mashavu. Chai inakausha ufizi, meno yanakuwa kama yana vumbi: huo ndio ukakasi, uleule wa ndizi mbichi. Kilevi kinapasha koo joto. Kwa mdomo haya manne ndiyo mifupa ya mvinyo. Ukiyatenganisha kwenye vikombe, utayatenganisha kwenye glasi. Asiyefanya hivi huita kila kitu "uchungu".

Hatua ya 5: Tazama

Anza na mweupe, fuata mwekundu, malizia na mtamu. Mimina mililita 50, inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, angalia ukingo. Mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau. Uliokaa unaelekea rangi ya tofali. Mweupe wa rangi ya majani makavu ni sawa, wa rangi ya chai si sawa, umeingiwa hewa.

Vipovu kwenye mvinyo usiotakiwa kuwa na gesi, hasa mtamu, mara nyingi maana yake hamira imeamka na inakula sukari ndani ya chupa. Chembe zinazong'aa kama sukari chini ya chupa ya mweupe hazina ubaya: ni chumvi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi, ambayo wengine huiita machozi, inaonyesha kilevi na si ubora.

Hatua ya 6: Nusa

Nusa mara ya kwanza bila kuzungusha. Kisha weka kitako cha glasi mezani, zungusha mara nne au tano, nusa tena kwa pumzi fupi. Pua inachoka haraka; ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe, subiri nusu dakika.

Tafuta kasoro kwanza:

– Siki: bakteria wamepata hewa. Haurekebishiki.
– Dawa ya kufutia rangi ya kucha: ndugu wa siki, umezidi.
– Boksi lililoloa: kizibo kimeuambukiza. Rudisha dukani.
– Zabibu kavu zilizochemshwa na karameli, kwenye mvinyo wa mwaka jana: umepikwa garini au ghalani.
– Yai viza: mimina kwenye jagi pana, subiri dakika 20, mara nyingi inaondoka.
– Kiberiti kilichowashwa: salfa imezidi, nao uachie hewa.

Kasoro isipokuwepo, sasa tafuta matunda. Achana na orodha za beri za Ulaya ambazo hujawahi kuzitia mdomoni. Mwekundu wa Dodoma utaupata kwa zambarau, furu, ukwaju, karafuu, pengine moshi na ngozi. Mweupe kwa pera, limau, ubuyu, na ukikaa kidogo unaleta asali. Aliyezoea wanzuki huitambua hiyo asali mapema kuliko anayefuata kitabu.

Hatua ya 7: Tia mdomoni

Chukua kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Kitembeze kila upande sekunde tano, vuta hewa kidogo kupitia midomo, teme. Jiulize vikombe vinne: sukari, limau, chai, joto. Kimoja kikipiga kelele peke yake, mvinyo haujakaa sawa. Ukakasi ukiwa mkavu na mchungu, zabibu huenda zilivunwa mbichi au kokwa zilikamuliwa kwa nguvu mno. Mtamu usio na uchachu unachosha kwenye glasi ya pili.

Baada ya kutema, hesabu kimoyomoyo ladha inadumu sekunde ngapi. Chini ya tano ni mvinyo wa kawaida. Ikipita kumi na mbili na bado ni tamu kuifuata, andika jina la chupa.

Usichanganye utamu na harufu ya tunda. Mvinyo unaweza kunukia zambarau zilizoiva na ukawa mkavu kabisa. Ziba pua, onja tena, na sukari isipokuwepo utajua.

Chakula kiletwe baada ya kuonja. Mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta na chumvi analainisha ukakasi wa mwekundu. Pilipili inauwasha moto kilevi, kwa hiyo penye pilipili chukua mtamu uliopozwa. Mlenda ni mtihani: utelezi wake unafunika ulimi na kuuzima mvinyo wowote mwekundu. Chenin mkavu, baridi, unajitahidi.

Pombe kali ikifuata

Konyagi yetu isichanganywe na konyaki ya Cognac, Ufaransa, ambayo lazima itokane na mvinyo mweupe uliokenekwa mara mbili na kukaa kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka miwili. Ya kwetu haitokani na zabibu. Namna ya kuonja ni moja: mililita 30, usizungushe, shika glasi chini ya kidevu na ipandishe polepole huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Kisha ongeza maji mpaka asilimia 20: kwa Konyagi mililita 22 hivi, kwa pombe ya asilimia 40 mililita 30. Hapo ndipo harufu zinapofunguka na kasoro zinapojitokeza. Gongo isiletwe mezani. Ni haramu kisheria, na methanoli haionjeki wala hainusiki tofauti. Inapofusha macho na kuua.

Kilichobaki

Usiache mvinyo kwenye chupa iliyofika nusu. Mimina mpaka juu kabisa kwenye chupa safi ya maji ya nusu lita, kaza, andika tarehe, weka friji, hata mwekundu. Mkavu unadumu siku tatu au nne, mtamu ulioongezwa kilevi wiki kadhaa. Ukigeuka siki safi, isiyo na harufu ya dawa ya kucha, tia kwenye kachumbari.