Somo: Kupima umbali kati ya migawanyo miwili ya uwezekano, vigeu vikiwa vya 0 na 1

Una data mbili za ndiyo na hapana, na unataka kujua zinaachana kiasi gani. Wengi huchukua asilimia ya kwanza, wakatoa ya pili, wakafunga daftari. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Niliwahi kusimama mbele ya darasa nikasema makundi mawili ni sawasawa kwa kuwa wastani wa kila kigeu ulilingana, hadi mwanafunzi wa nyuma akaomba chaki na kuchora jedwali la hali zote. Nilinyamaza. Jedwali hilo ndilo tunaloanza nalo.

Hatua ya 1: Orodhesha hali zote

Kigeu kimoja, yaani swali moja la ndiyo au hapana, kina hali mbili tu: 0 au 1. Vigeu viwili vina hali nne: 00, 01, 10, 11. Kila kigeu kinachoongezeka huzidisha hali mara mbili, kwa hiyo vigeu 10 vina hali 1,024, na vigeu 20 vina hali 1,048,576. Kando ya kila hali andika namba mbili: uwezekano wake katika mgawanyo P (data ya kwanza) na uwezekano wake katika mgawanyo Q (data ya pili). Namba zote za P zijumlishwe, zitoe 1, na za Q vivyo hivyo. Zisipotoa 1, rudi ulikotoka. Hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Hatua ya 2: Umbali wa jumla ya tofauti

Kwa kila hali, toa uwezekano wa Q kwenye ule wa P, futa alama ya hasi kama ipo, jumlisha zote, kisha gawa kwa 2. Jibu huwa kati ya 0 (migawanyo ni ile ile) na 1 (haina hali hata moja ya pamoja). Kwa kigeu kimoja hesabu inakuwa nyepesi mno: kama P inatoa 1 kwa uwezekano p, na Q kwa uwezekano q, umbali ni tofauti ya p na q, basi.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinafasirika. Tuseme mtu anarusha shilingi kuchagua P au Q, anachota hali moja, anakuonyesha, nawe ukisie imetoka wapi. Mkisiaji bora kuliko wote atapatia kwa uwezekano wa (1 + umbali) ÷ 2. Umbali wa 0.1 unampa 55%, zaidi kidogo tu ya kubahatisha.

Hatua ya 3: Mwachano wa Kullback na Leibler

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Wanahisabati Solomon Kullback na Richard Leibler walikieleza kipimo hiki, kwa kifupi KL, mwaka 1951. Kwa kila hali, gawa uwezekano wa P kwa ule wa Q, chukua logi asilia (ln) ya jibu, zidisha kwa uwezekano wa P, kisha jumlisha hali zote. Kwa kigeu kimoja:

KL(P, Q) = p × ln(p/q) + (1 − p) × ln((1 − p)/(1 − q))

Sasa chukua jozi mbili. Ya kwanza ni 0.5 na 0.6. Ya pili ni 0.01 na 0.11. Kwa hatua ya 2 jozi zote mbili zina umbali ule ule, 0.1. Piga KL:

- p = 0.5, q = 0.6: KL ni 0.0204. Ukigeuza, ni 0.0201.
- p = 0.01, q = 0.11: KL ni 0.0814. Ukigeuza, ni 0.169.

Jozi ya pili imeachana mara nne ya ile ya kwanza, na ukigeuza upande, zaidi ya mara nane. Sababu yake si ngumu. Kutoka 0.5 kwenda 0.6 ni kusogea kidogo, lakini kutoka 0.01 kwenda 0.11 ni tukio adimu kugeuka kuwa la kawaida, mara 11 zaidi. Kutoa peke yake hakuoni jambo hilo, kugawa kunaliona.

Namba hizi nazo zina maana ya kushikika. KL ni ushahidi unaoupata, ukiupima kwa ln, kwa wastani, katika kila chunguzo moja pale P ndiyo yenye ukweli. Ukitaka ushahidi wa kuipendelea P mara 20 dhidi ya Q, gawa ln 20, yaani karibu 3, kwa KL. Jozi ya kwanza inadai machunguzo kama 147. Ya pili kama 37 ukweli ukiwa 0.01, na kama 18 tu ukweli ukiwa 0.11. Anayekwambia "tofauti ni asilimia kumi" bila kutaja ni kutoka wapi hadi wapi, hajakwambia kitu.

Kumbuka pia kwamba KL haina ulinganifu. Kwenda si sawa na kurudi, ndiyo maana tunaiita mwachano na si umbali.

Hatua ya 4: Usiishie kwenye kigeu kimoja kimoja

Hili ndilo kosa langu la siku ile. P: shilingi mbili za haki zisizotegemeana, kila hali kati ya zile nne ina 0.25. Q: shilingi ya pili huiga ya kwanza daima, hivyo 00 ina 0.5, 11 ina 0.5, na 01 na 10 hazitokei kamwe. Tazama kila shilingi peke yake: nusu kwa nusu katika P, nusu kwa nusu katika Q. Umbali sifuri. Tazama jedwali lote: umbali ni 0.5. Mkisiaji wetu anapatia 75% kwa kuona jozi moja tu, lakini akifunikwa shilingi moja hajui lolote.

Hatua ya 5: Njia ya mkato kama vigeu havitegemeani

Ikiwa una uhakika vigeu ni huru ndani ya P na ndani ya Q, huhitaji jedwali refu. KL ya vyote ni jumla ya KL za kila kimoja. Vigeu 10, kila kimoja 0.5 dhidi ya 0.6, vinatoa 0.204.

Umbali wa jumla ya tofauti haujumlishiki hivyo. Ungejumlisha ungepata 1.0, ilhali jibu sahihi kwa vigeu hivyo 10 ni karibu 0.256. Lakini kuna kizuizi cha Pinsker: umbali hauzidi kipeuo cha pili cha (KL ÷ 2). Hapa kinatoa 0.32, kwa hiyo unajua angalau umbali hauwezi kupita hapo.

Hatua ya 6: Data halisi, na mtego wake

Mara nyingi huna P na Q, una sampuli. Unahesabu hali, unagawa kwa idadi, unaendelea. Kwa kigeu kimoja hakuna shida kubwa. Kwa vigeu 10 ni balaa. Chukua sampuli mbili za watu 200 kutoka mgawanyo *mmoja*, ambao kila hali kati ya 1,024 ina uwezekano sawa. Umbali halisi ni sifuri, lakini ukiupima kwa jedwali utapata zaidi ya 0.8! Vyumba vingi viko tupu, na vile vilivyojaa upande huu si vile vilivyojaa upande ule.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdadisi: Shikamoo mwalimu. KL yangu imetoka "haina kikomo". Nimekosea wapi?

*Marahaba. Hukukosea. Kuna hali ambayo P inaipa uwezekano na Q inaipa sifuri. Rudi hatua ya 4: KL(P, Q) haina kikomo, kwa sababu ukiona 01 mara moja tu, Q imekufa. Ukigeuza, KL(Q, P) ni ln 2, yaani 0.693. Kama sifuri yako ni ya kweli, jibu ni sahihi, liache. Kama imetokana na sampuli ndogo, ongeza nusu au 1 kwenye hesabu ya kila hali kabla ya kugawa, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.*

Binti Hesabu: Kwa nini tusichukue wastani wa KL ya kwenda na ya kurudi, tukamaliza ugomvi?

*Dada, upande mmoja ukikosa kikomo, wastani nao unakosa. Afadhali utengeneze mgawanyo wa katikati M, ambao ni wastani wa P na Q kwa kila hali, kisha uchukue wastani wa KL(P, M) na KL(Q, M). Huo ni mwachano wa Jensen na Shannon. Una ulinganifu na hauzidi ln 2. Kwa shilingi za hatua ya 4 unatoa 0.216.*

Kalamu Nyekundu: Nimepata umbali wa 0.08 kati ya makundi mawili. Ni mkubwa au mdogo?

*Ndugu, hilo halijibiki bila kujua sampuli yako. Fanya hivi: changanya makundi yote mawili kwenye chungu kimoja, wagawe upya kwa bahati nasibu kwa idadi zile zile, pima umbali. Rudia mara 1,000. Kama 0.08 yako inazidi karibu zote, kuna kitu. Kama imo katikati yao, ulichopima ni kelele ya sampuli. Njia hii inamaliza pia mtego wa hatua ya 6, maana ile 0.8 itajitokeza kila unapochanganya.*

Mdadisi (tena): Mgawanyo wangu mmoja uko wote kwenye 0000000000 na mwingine wote kwenye 0000000001. Umbali unasema 1, juu kabisa, wakati zimepishana tarakimu moja tu. Si uonevu?

*Ni uonevu, kama ukaribu wa hali una maana kwako. Vipimo vyote vya juu havijui kwamba hali mbili zinafanana. Kwavyo kila hali ni jina tu. Ukitaka ukaribu uhesabiwe, tumia umbali wa Wasserstein: gharama ndogo kabisa ya kuhamisha uwezekano kutoka P hadi Q, ambapo kuhama hali moja hadi nyingine kunagharimu idadi ya tarakimu zinazopishana. Hapo unapata 1 kati ya 10 zinazowezekana. Ila ujiandae: kuukokotoa kwa hali nyingi ni kazi nzito, kompyuta yako italalamika kabla yako.*